Kifo cha Kumi cha Wifi Yangu

Wifi yangu Winfrida alikwisha kufa mara tisa. Mara ya kumi nilimuua mimi, na mpaka leo hapa kijijini hakuna mtu aliyenipa pole.

Nitaeleza kwa utaratibu, maana nilifundisha hesabu miaka thelathini na minne na sipendi habari zinazoanzia katikati. Winfrida ni mjane wa kaka yangu Petro. Analima karoti, njegere na kabichi kwenye matuta ya huku juu, upande wa Mgeta, katika shamba la mama yake, kwa kuwa sisi Waluguru ardhi na ukoo hufuata mama. Ana miaka hamsini na saba. Ni mfupi, sauti yake ni kubwa kuliko mwili wake, na kanisani amekwisha kuombwa mara mbili aimbe polepole. Kati ya nyumba yake na yangu kuna bustani moja tu ya viazi, kwa hiyo mambo yake nayajua, hata yale ambayo ningependa nisiyajue.

Mtani wake anaitwa Mwaisha. Ninaposema mtani sisemi mtu wa kuchekeshana naye tu. Kwetu koo hutaniana. Mtu akifa, watu wa ukoo wa watani ndio wanaoushika msiba: huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake na ukali wake, hukamata kuku uani bila kuomba, na wafiwa hucheka huku machozi yanawatoka. Mtani hakasirikiwi. Tena mtani hasifu. Akikusifu mbele za watu, ujue ama umekufa kweli ama yeye ndiye mgonjwa.

Walikutana sokoni Morogoro mjini mwaka 1985. Winfrida alikuwa binti wa miaka kumi na saba, ameshuka na lori la mboga na tenga lake la karoti. Pembeni yake alikaa msichana wa Kinole, upande wa pili wa milima, anauza ndizi na mdalasini. Yule msichana akanyoosha mkono kwenye fungu la Winfrida, akachagua karoti mbili zilizonyooka kuliko zote, akazifuta kwa kanga, akaanza kutafuna. Winfrida akasimama apigane. Msichana hakusimama. Akauliza tu, huku anatafuna, "Wewe wa ukoo gani?" Winfrida akautaja.

"Basi kaa chini, maiti wangu," msichana akasema. "Ungekuwa wa ukoo mwingine ningekulipa."

Huyo ndiye Mwaisha. Yeye Mwislamu, Winfrida Mkatoliki, na jambo hilo halijawahi kuwa jambo, kwa sababu koo zilikuwapo milimani kabla ya dini zote mbili kupanda. Miaka mitatu baadaye, siku Winfrida alipoolewa na kaka yangu, Mwaisha alikalia kitanda cha bibi harusi na kukataa kuondoka mpaka apewe jogoo. Nilikuwapo, na nilikereka sana. Ndipo hapo, wakati jogoo anatafutwa, wakapatana mbele yangu kwamba atakayebaki ndiye atakayemzika mwenzake, na mtani mwingine asithubutu kugusa. Nilidhani ni maneno ya wasichana.

Mwaka 1999 Mwaisha, aliyekuwa ameachika na hana mtoto, alikwenda Maskati kufanya kazi za nyumbani. Akapata nyumba ya watu wema, kwa Mama Nasra, ambao wazee wao walitoka Unguja na Kiswahili wanakisema. Alisema anakwenda miaka miwili. Alirudi mara moja tu, mwaka 2007, kwa wiki tatu, na tangu hapo ikawa ni mwakani. Mwakani, bibi mzee wa nyumba akipona. Mwakani, Nasra akiolewa. Bibi akafa, Nasra akaolewa, na mwakani ikabaki palepale.

Urafiki wao ulipitia mikononi mwangu, nipende nisipende. Winfrida anasoma vizuri lakini kuandika kunamchosha, kwa hiyo barua niliziandika mimi. Nimeandika kwa mkono huu, kwa mwandiko safi wa ubaoni, kwamba Mwaisha ana miguu ya bata na kwamba Waarabu wamemweka ili awatishe paka. Majibu yalikuwa mabaya zaidi, nayo niliyasoma kwa sauti. Baadaye zikaja simu za kukwangua vocha, halafu Mwaisha akatuma simu kubwa kwa mkono wa mtu, nikamfundisha Winfrida wasapu. Alipogundua kwamba anaweza kutukana kwa sauti bila kuandika neno, alinishukuru kwa gunia la viazi.

Mwaka 2020 mama yake Mwaisha, Bi Hafidha, alifariki Kinole. Ulikuwa wakati wa korona, ndege hazitembei, Mwaisha kafungiwa ndani Maskati. Winfrida alishuka mjini, akapanda tena milima kwa upande ule mwingine, akaushika msiba siku tatu. Alivaa kanga za Bi Hafidha, akainama kama Bi Hafidha, akawagombeza mbuzi kwa maneno yaleyale ya Bi Hafidha mpaka shehe mwenyewe akageuka pembeni kuficha meno. Mtu mmoja alirekodi, Mwaisha akatumiwa. Jibu lake lilikuwa la sekunde arobaini, na karibu zote zilikuwa pumzi tu. Mwishoni akasema, "Kanga ya mama umeifunga vibaya, mwizi wewe."

Tangu msiba ule Winfrida alibadilika katika jambo moja. Aliingiwa na hofu kwamba atakufa Mwaisha akiwa ng'ambo, na atazikwa na mtani yeyote atakayepatikana, mtu asiyejua hata anavyotembea. Aliniambia hivyo waziwazi tukiwa tunamenya njegere. "Wifi, sitaki kuigizwa na mtu aliyesimuliwa," alisema. Alitaka Mwaisha arudi, hata kwa wiki moja, akiwa yeye bado hai. Kumwambia hivyo hakuweza, kwa sababu mtani habembelezi mtani. Basi akaanza kufa.

Alikuwa akifa mara moja au mbili kwa mwaka. Anachukua simu, anasema kwa sauti yake ileile ya kuita ng'ombe, "Mtani, leo nimekufa, nimelazwa sebuleni, njoo unizike kabla sijaharibika." Jibu linakuja kabla ya chakula cha mchana: "Watupie mbwa," au, "Tangulia, nitakuja ukishakauka." Mara tisa. Winfrida alicheka kila mara, lakini mimi niliyekuwa nikimwangalia niliona anavyoiweka simu mezani baada ya kucheka.

Mwaka jana ulikuwa mwaka wa wasiwasi pande zote mbili. Katikati ya mwaka, makombora yalipita kwenye anga za nchi jirani na kule Maskati aliko Mwaisha, na Winfrida akawa anasikiliza redio ya habari, kitu ambacho hajawahi kukifanya maishani. Mwezi wa kumi ikawa zamu ya Mwaisha kutuhofia sisi, kwa ajili ya uchaguzi na maneno yaliyokuwa yakizunguka. Alituma ujumbe mwingi. Katikati ya matusi alikuwa anaweka swali moja la mtu mzima: "Huko kwenu kweli kupo shwari?"

Jumanne, siku moja kabla ya kura, kulikuwa na msiba nyumbani kwa jirani yetu, mzee Rehani, na akina mama wa jumuiya ya kanisa walikuwa wanaimba. Winfrida alitoka kule akaja uani kwangu na simu.

"Wifi, leo sema wewe," akaniambia. "Mimi haniamini tena. Wewe hujawahi kutania mtu tangu ubatizwe."

Nilimwambia mimi si mtani wa Mwaisha. Koo zetu mimi na yeye hazitaniani, sina ruhusa, na kifo si kitu cha kukisemea ovyo. Nasema haya ili ijulikane kwamba nilijua. Nilijua kabisa. Lakini Winfrida alinitazama kama mwanafunzi anayeomba kurudia mtihani, na kusema kweli nilichoka kuitwa mtu asiyejua kucheka. Nikachukua simu. Nyimbo za msiba zilikuwa zinasikika vizuri kutoka kwa jirani. Nikasema, "Mwaisha, ni Mwalimu hapa. Winfrida ametutoka leo saa nane mchana. Bwana ampe pumziko la milele."

Winfrida alikuwa ameng'ata kanga yake asicheke. Tulipokuwa bado tunakunywa chai, zile alama mbili zikageuka buluu, maana yake amesikiliza. Tukangoja atukane. Hakutukana. Nikasema tumwambie ukweli, Winfrida akasema, "Mwache alie kidogo, kesho asubuhi namfufukia." Nikakubali, na huo ndio ujinga wa pili.

Asubuhi hapakuwa na mtandao. Wasapu haikufunguka, wala kitu kingine. Tulidhani ni bando limekwisha, tukanunua jingine. Mchana ndipo tukasikia kwamba ni nchi nzima. Mnara wetu wa huku juu nao, ambao mvua za vuli zikinyesha hulala wenyewe bila kusukumwa na mtu, ukalala. Nilipanda mpaka kwenye ukingo wa mlima ambapo simu hukamata mnara wa ng'ambo ya bonde, nikaipiga ile namba ya Maskati kama simu ya kawaida, mara mbili. Mara zote akajibu mwanamke wa mashine kwa Kiarabu.

Siku ya kwanza Winfrida alisema Mwaisha si mjinga, atajua. Siku ya pili akasema hayo tena lakini hakunitazama. Siku ya tatu aliacha kula.

"Ana presha yule," akaniambia. "Kama kaanguka jikoni kwa watu, nani ataniambia?"

Maneno ya Winfrida mwenyewe yangeonekana mzaha hata kama angeyasema akiwa kaburini kweli, lakini yangu yalikuwa ya mwalimu mstaafu asiyetania, tena na kwaya nyuma yake. Nilikuwa nimemwambia mwanamke mwenye presha, aliye peke yake ugenini, katika wiki ambayo nchi yake haipatikani, kwamba mtu pekee aliyebaki wa kumtukana amekufa. Nililala vibaya siku zile zote. Jumapili Winfrida hakwenda kupokea komunyo. Alikaa benchi la nyuma na hakuimba, na watu wakaniuliza kama anaumwa.

Jumatatu, saa saba hivi, nilikuwa naanika maharage niliposikia bodaboda inapanda, halafu ikazimika pale chini kwenye tope inakoishia siku zote za mvua. Halafu nikasikia sauti.

"Wapi maiti wangu? Wapi huyo mwizi? Mmemfukia bila mimi, mnadhani huko chini atakaa kimya?"

Sauti ilikuwa inapanda na njia. Ilikuwa sauti ya mtani anayekuja msibani, ya kejeli kama inavyotakiwa, lakini kila baada ya maneno machache ilikatika, ikanyamaza, ikaanza upya. Akina mama walitoka milangoni. Hawakuelewa, kwa sababu kijijini hakuna mtu mwingine aliyejua kwamba Winfrida amekufa. Asubuhi ileile alikuwa amewasalimia wote.

Mwaisha akatokea kwenye kona. Alikuwa amevaa buibui lililochafuka tope mpaka magotini, mkono mmoja begi, mkono mwingine mfuko wa plastiki. Amenenepa, ana mvi chini ya ushungi. Baadaye alitueleza alivyopata kiti cha ndege kwa kulia mbele ya watu wa ofisi ya tiketi, alivyokwama Dar kwa binamu yake Sabra mpaka kulipokucha, kwa sababu ya marufuku ya kutoka nje usiku, alivyokodi gari ambalo lilizuiwa saa mbili nzima pale Mikese, na alivyoachwa Mzumbe na dereva aliyesema milimani hapandi. Wakati ule sikuyajua hayo. Nilimwona tu anaangalia uani kwa Winfrida, anatafuta turubai, anatafuta viti, anatafuta watu.

Akaniona. Hata katika hali ile hakusahau adabu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Nionyeshe kaburi."

Niliogopa kumwambia kwamba hakuna kaburi. Nikanyoosha kidole kuelekea kijitoni, nyuma ya matuta, mahali Winfrida alipokuwa anaosha karoti za soko la Jumanne. Mwaisha akakifuata kidole changu. Alidhani tumemzika mpakani mwa shamba lake, akaanza kushuka, na ile sauti ya kejeli akaianza tena.

Nilimfuata. Winfrida alikuwa ameinama majini, kanga imefungwa kiunoni, na kelele za kijito zilimfanya asisikie mpaka Mwaisha alipokuwa hatua kumi hivi. Akainuka, karoti mkononi. Wakatazamana.

Mwaisha alikaa chini, palepale kwenye tope. Akalia. Hakulia kwa utani, wala kwa kuimba kama msibani. Alilia kwa kwikwi kama mtoto, kichwa kimelala magotini, na ule mfuko wa plastiki ameukumbatia. Winfrida alisimama majini na karoti yake. Akaanza kusema, "Mtani, mtandao..." akaishia hapo. Nikajisikia aibu kubwa kuliko aibu zote nilizowahi kuzisikia.

Alipomaliza kulia alijifuta uso kwa ushungi, akainuka, akaenda kwenye beseni la karoti ambazo Winfrida alikuwa amekwisha kuziosha, zaidi ya nusu gunia. Akaliinamisha. Karoti zote zikamwagika topeni. Alizikanyagakanyaga kidogo ili kuhakikisha.

"Osha tena," akasema.

Winfrida akainama, akaziosha tena, moja moja. Mwaisha alisimama ukingoni mikono kiunoni mpaka ya mwisho. Halafu akachukua mbili zilizonyooka kuliko zote, akazifuta kwa buibui, akaanza kutafuna, na ndipo Winfrida naye akalia.

Kesi yangu ilisikilizwa uani, baada ya chai. Winfrida hakushtakiwa. Yeye ni mtani, hata angejichimbia kaburi na kulala ndani yake ni haki yake. Mimi ndiye niliyechukua kitu kisicho changu.

"Mwalimu, wewe na mimi tumetaniana lini?" Mwaisha aliniuliza.

"Hatujataniana."

"Basi uliponiambia amekufa, mimi ningejuaje?"

Nikamwambia hangeweza kujua, na kwamba nimekosa, na kwamba naomba radhi. Nilipigwa faini ya jogoo. Mimi nina jogoo mmoja tu, mkubwa, mwekundu, ambaye nilimlea mwenyewe kutoka kifaranga, na huyohuyo ndiye aliyechaguliwa. Mwaisha alimbeba mwenyewe mpaka kwa Mzee Mansuri mwenye duka, aliye Mwislamu, akachinjwa, akarudi naye. Alikuwa mgumu kidogo.

Ule mfuko wa plastiki ulikuwa na sanda. Pamba nyeupe nzito, nzuri, aliyoinunua Maskati asubuhi ya safari. Winfrida aliishikashika akasema ni ya kubana, yeye si mtoto. Mwaisha akasema aliipima kwa akili ya Winfrida, ndiyo maana ni ndogo. Nikajua kwamba wamepona.

Lakini kulikuwa na jambo jingine. Mama Nasra alikuwa amempa Mwaisha ruhusa kwa sababu ya msiba. Nyumba nzima ilikuwa imelia naye, walimfungia nguo, na kijana wa nyumba ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege. Mwaisha alisema hana uso wa kumwambia mama yule kwamba hakuna aliyekufa. Nilimwambia amwambie, ukweli haumtupi mtu. Wakanitazama wote wawili, nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyesema uongo wa kwanza.

Mtandao uliporudi, simu ya Mwaisha ikaanza kulia mfululizo. Mchana Mama Nasra akapiga. Mwaisha alieleza kwamba amefika, kwamba marehemu amekwisha kuzikwa. Halafu nikamwona anashtuka, anaziba simu kwa kiganja.

"Anataka kuwapa pole ndugu wa marehemu," akanong'ona.

Alinitazama mimi. Nikatikisa kichwa. Nilikuwa nimekwisha kulipa jogoo mmoja kwa kusema kisicho changu, sina mwingine. Winfrida akanyoosha mkono akaichukua simu. Akaiweka sauti ya wazi bila kukusudia, kama anavyofanya siku zote, na sisi wote tukasikia.

"Mimi ni dada yake," akasema Winfrida. "Tunashukuru."

"Poleni, mwanangu, poleni sana," ilisema sauti ya mama mzee, laini, ya Kiswahili cha visiwani. "Mungu awape subira. Mie simjui marehemu kwa sura, lakini sauti yake naijua. Nyumba nzima tunaijua. Kila Ijumaa, Mwaisha akimaliza kazi, hukaa kizingitini na simu yake. Humsikiliza mara mbili. Ile mara ya kwanza hacheki. Nikamuuliza siku moja, mbona hucheki? Akanambia, mara ya kwanza nasikiliza kama mzima. Mara ya pili ndiyo nasikiliza anavyonitukana."

Mwaisha alikuwa ameinuka, anamfanyia ishara akate simu.

"Walipokuwa wanarusha yale makombora," Mama Nasra akaendelea, "tulitaka kumrejesha kwenu, mumewe Nasra akatafuta ndege. Mwaisha akakataa. Akasema yeye haogopi kufa ugenini, maana kwao ana mtu. Akasema, mie hata nikifa huku, yupo mwanamke mmoja milimani atavaa kanga yangu, atatembea kama mie, na watu watacheka, na mama yangu atajua nimefika. Sasa huyo mtu ndiye mliyemzika. Ndiyo nikasema lazima aende. Mtu kama huyo hapatikani mwingine."

Winfrida alikuwa anaitazama simu. Machozi yalikuwa yanashuka bila yeye kuyafuta.

"Ahsante, mama," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Tutamwambia." Akakumbuka kwamba marehemu haambiwi tena kitu, akasema, "Tungemwambia."

Akamrudishia Mwaisha simu. Mwaisha alikuwa ametazama kwingine, uso umemwiva kwa haya, kwa sababu amesifu, na amekamatwa.

"Kasemaje?" akauliza, kana kwamba hakusikia.

"Kasema unapika vibaya," Winfrida akajibu.

Mwaisha alikaa siku kumi na moja. Walikwenda Kinole kwenye kaburi la Bi Hafidha, wakagombana njia nzima kwenda na kurudi, wakarudi wamekauka sauti. Alipoondoka tulimsindikiza mpaka Mzumbe, barabarani. Sanda aliiacha. Winfrida ameiweka kwenye sanduku lake, juu ya gauni la harusi, na amenionyesha mahali ufunguo ulipo. Hawakukumbatiana. Gari liliposimama, Winfrida alisema, "Na wewe usife huko," na Mwaisha akasema kwamba mwakani, mwezi wa sita, mkataba ukiisha, anarudi moja kwa moja. Amekwisha kusema mwakani mara nyingi. Safari hii alitaja mwezi, nami nimeuandika kwenye kalenda yangu ya parokia.

Sijui kama alimweleza Mama Nasra ukweli. Mimi ningemweleza.

Winfrida hafi tena. Kila Ijumaa asubuhi hukaa ukingoni mwa bustani ya viazi, kati ya nyumba yake na yangu, akabonyeza simu, na jambo la kwanza analosema, kabla ya tusi lolote, ni, "Mtani, niko hai." Jibu likija huliweka sikioni akalisikiliza ameinamisha kichwa, hacheki hata kidogo. Halafu huliweka sauti ya juu, akalirudia, na kicheko chake kinafika mpaka kanisani. Mimi huwa niko uani na maharage yangu. Nangoja ile ya pili, ndipo naendelea na kazi.